Meno Yasigusane

Dada mpya wa mapokezi alichungulia mlangoni, kajishika kifua kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Pamba! Hutaamini nani yuko hapo nje. Asali! Asali mwenyewe wa redioni! Kumbe ni mrefu kuliko sauti yake."

Pamba alikuwa akikunja taulo. Ile aliyoishika aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena vibaya zaidi.

"Amekuja na nani?"

"Na mama yake. Mama mtu ana uso kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Lakini huyo kijana, jamani! Nikiambiwa nimbebe ngazi zote hizi, nambeba."

"Waambie waingie."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Waambie waingie, nimesema."

Pamba halikuwa jina lake. Wagonjwa ndio waliompa kwa ajili ya mikono yake, likamganda mpaka mwenye nyumba wake naye akawa anamwita hivyo. Alikanda migongo ya madereva, mabega ya mafundi cherehani, shingo za makarani. Ila sifa yake kubwa ilikuwa taya. Watu waliosaga meno usingizini wakaamka kichwa kinagonga, watu walioyauma meno mchana kutwa bila wenyewe kujua, madaktari wa meno waliwaelekeza kwake, ghorofa ya juu, juu ya duka la vioo.

Asali alimjulia hapohapo. Alikuja na maikrofoni kumhoji kwa ajili ya kipindi cha afya. Wiki iliyofuata akaja tena, safari hii bila maikrofoni. Wakapendana penzi la kusahau kula. Kila alasiri sauti yake ilisoma salamu za wapenzi wa mji mzima, na Pamba, mikono ikiwa kwenye mgongo wa mtu, alitabasamu peke yake, kwa sababu mwenye sauti hiyo angemgongea mlango jioni.

Halafu siku moja mlango ukagongwa na mama yake. Aliambiwa akae, akakataa. Alisema akiwa kizingitini, kiatu kimoja ndani, kimoja nje:

"Mwanangu amenituma nikwambie basi. Hawezi kuoa mwanamke anayeshinda akipapasa waume za watu kisha akasema ni kazi."

Akageuka, akaenda zake. Asali hakupiga simu. Alipopigiwa hakupokea. Pamba alilia, akakonda, akanenepa, akakonda tena, na katika yote hayo jambo moja ndilo lililomshika asizame: aliamini yule mama alidanganya. "Hakumtuma," alijiambia kila akinawa mikono baada ya mgonjwa wa mwisho. "Ni njama zake mwenyewe. Asali wangu hawezi."

Sasa walikuwa wamesimama mbele yake, mama na mwana. Shavu la kushoto la Asali lilikuwa limevimba, na kona ya mdomo imevutwa kama ya mtu aliyeonja kitu kichungu.

"Wewe!" mama alisema.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo ile haikupata mtu wa kuiitikia. Mama alimgeukia mwanawe. "Ulijua ni huyu?"

Asali alitikisa kichwa kukataa.

"Mji wote huu hakuna mkandaji mwingine?"

"Wapo wengi, mama," Pamba alijibu. "Wa migongo. Kwa taya, daktari wenu wa meno amewaelekeza huku. Mkitaka kuondoka sitawashika."

Mama alilitazama shavu la mwanawe, akautazama mlango, akalitazama tena shavu. Kadi za harusi zilishagawiwa. Bwana harusi asiyeweza kufungua mdomo angewaaibisha mbele ya watu.

"Nakaa hapahapa," alisema, akakumbatia mkoba wake. "Mpaka umalize."

"Kiti kile pale, mama."

Asali alilala chali. Pamba alikaa kwenye kigoda kichwani pake, hivi kwamba uso wake aliuona umepinduka, mdomo juu, macho chini. Alishukuru. Uso uliopinduka hausomeki vizuri. Alimfunika mashavu kwa taulo ya moto, akasubiri joto liingie, kisha akaiondoa na kuweka vidole mahali palepale alipokuwa akimbusu.

"Uma meno," alisema, kwa sauti anayowaambia wagonjwa wote. "Achia. Uma tena."

Msuli wa shavu ulituna chini ya vidole vyake, mgumu kama kokoto, na hata alipoambiwa aachie haukuachia.

"Fungua mdomo."

Vidole vyake viwili vilipita kwa shida. Cha tatu kilikwama.

"Taya linalia?"

"Kama bawaba," mama alijibia mwanawe. "Mpaka kwenye maikrofoni lilikuwa linasikika, mkubwa wake akampa likizo. Na gego limepasuka. Akilala, nyumba nzima tunamsikia, utadhani kuna mtu anasaga changarawe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana mwezi gani?"

"Wewe ni mkandaji au hakimu?"

Pamba hakuuliza tena. Mwezi aliujua. Alipaka mafuta kidogo viganjani, akaanza kwenye mapanja, akizungusha vidole polepole, akashuka mbele ya masikio pale taya linaposhikana na kichwa, akashuka mpaka pembe ya taya. Asali alifumba macho. Kope zake zilikuwa zilezile, ndefu, za kike, alizokuwa akimtania nazo. Pamba alitazama ukutani.

"Unajua," mama alisema, "mimi sina ubaya na wewe. Nimefurahi hata, kukuona una shughuli. Una mikono mizuri, nani kakataa? Mikono mizuri inaajiriwa. Kuolewa ni jambo jingine."

"Ndiyo, mama."

"Mkwe wangu ni mwalimu wa watoto wadogo. Mtoto wa watu, ametulia. Akicheka anaziba mdomo. Ukimtazama tu unajua hakuna mwanaume aliyewahi kupita karibu."

"Hongera, mama."

"Na wewe, umepata mtu?"

"Bado."

"Utapata. Si lazima awe mtu wa maana."

Asali alikuwa akisikia yote. Mdomo wake wakati huo haukuwa na kidole wala glavu; ulikuwa wake. Pamba alisubiri aseme hata neno moja, hata "Mama, basi." Msuli chini ya kidole chake ulikaza zaidi, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote.

Simu ya mama ikaita.

"Mkwe wangu! Umefika? Umepotelea wapi? Hapana, usiingie hapo, hapo ni kwa mafundi. Simama mbele ya duka la vioo, nakuja kukuchukua." Aliinuka, akavuta sketi yake, akamnyooshea Pamba kidole. "Mlango nauacha wazi."

Viatu vyake vilishuka ngazi, taratibu, kwa manung'uniko. Vilipofika kona ya kwanza, Asali alimshika Pamba kifundo cha mkono.

"Nilijua ni wewe," alinong'ona. Maneno yalimtoka nusunusu kwa maumivu. "Daktari wa meno alitaja jina la Pamba, nikakubali kabla hajamaliza."

"Mama yako umemwambia hukujua."

"Ningemwambia nini?"

"Ukweli."

"Umekonda, Pamba."

"Niachie mkono." Hakuachia, na yeye hakuuvuta. Mwaka mzima alikuwa ameuandaa usemi wake, mrefu, wenye matusi na machozi mahali pake. Sasa haukubaki hata nusu. "Nina swali moja. Nijibu, nami nitakukanda mpaka upone, sitakuuliza kitu tena maishani. Siku ile mama yako alipokuja kwangu. Ulimtuma?"

Asali alifumba macho.

Sema hapana, Pamba aliomba kimoyomoyo. Hata kama ni uongo. Nidanganye hilo tu.

"Nilimtuma."

Ngazi zilikuwa kimya. Mahali fulani chini mtu alikuwa akikata kioo, na kioo kilikuwa kikilia.

"Nilijua nikija mwenyewe utanitazama, nitashindwa," Asali aliendelea. "Ndugu walikuwa wamenikalisha chini mara ngapi! Wajomba, shangazi, kila mtu na lake. Nilichoka."

"Kwa hiyo ukamtuma mama. Na yale maneno? Kupapasa waume za watu?"

Asali alikwepesha macho.

"Yale pia ni yako?"

"Nilikuwa na hasira, Pamba! Siku ile nilikupitia kazini nikakukuta na yule mcheza mpira, umemshika paja, mnacheka. Nilisema kwa hasira, mama akayabeba kama yalivyo. Yeye hata alinitaka nipunguze makali."

Pamba alijikuta akimfikiria yule mama aliyemchukia mwaka mzima. Aliyepanda ngazi za watu na maneno ya mwanawe mdomoni, akayasema waziwazi, uso kwa uso. Chuki ile yote ilikuwa imeelekezwa nyumba isiyo yake. Na lile jambo moja lililokuwa limemshika asizame, aliyelikata ni Asali mwenyewe, akiwa amelala chali, kichwa karibu na mapaja yake, anamwangalia kwa macho ya upendo.

Maana macho yalikuwa ya upendo. Hicho ndicho kilichokuwa kikatili kuliko vyote.

"Sijaacha kukupenda," alisema. "Meno haya nayasaga kwa ajili yako, mama anadhani ni uchovu. Nisikilize. Harusi ni yao, waache wafurahi. Baada ya hapo nitaendelea kuja. Kila wiki. Ni matibabu, nani atauliza? Utafunga mlango, tutakuwa kama zamani." Alitabasamu kwa upande mmoja, upande wa pili taya lilimkatalia.

"Na mkeo?"

"Hatajua. Ni mtu wa kuamini kila kitu."

Na hapo, tuseme ukweli, Pamba alikubali moyoni. Kwa muda wa pumzi moja aliuona mlango umefungwa, alasiri ya kila wiki, sauti ile ikimwita jina lake la kweli ambalo siku hizi hakuna anayeliita. Njaa ya mwaka mzima haichagui sahani. Alikaribia kusema ndiyo.

Kicheko kikasikika ngazini. Kicheko chembamba, cha mtu aliyekuwa akisimulia jinsi alivyoingia duka lisilo lake akakaribishwa chai. Kilikuwa kicheko kizuri. Pamba hakutegemea kwamba kingekuwa kizuri.

Alivuta glavu kwenye boksi, akaivaa.

"Fungua mdomo."

"Hujanijibu."

"Fungua."

Aliingiza dole gumba ndani ya shavu, nje akaweka vidole viwili, akaubana ule msuli katikati. Kwa kawaida hubana kidogo tu, akasubiri. Safari hii alibana, akaongeza, akaongeza tena kupita kinachohitajika, na alijua vizuri kwamba anapitiliza. Asali alikunja vidole vya miguu. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho, yakatiririkia masikioni. Pamba aliyatazama yakishuka. Hakuyafuta. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kizingitini alihisi joto kifuani, na hakuona aibu.

"Jamani, analia!"

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa mlangoni, nyuma yake mama mtu akihema. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, vidole vina madoa ya rangi za watoto. Alikuja mbio mpaka kitandani.

"Pole, mpenzi. Pole sana. Dada, habari za kazi? Sijawahi kumwona analia huyu. Anaumia sana?"

"Msuli umekaza, Mwalimu," Pamba alisema, akalegeza mkono. "Hautaki kuachia."

"Maskini. Mimi humsikia mama akisimulia anavyosaga meno, nakosa raha. Nawaza nikishaolewa nitamsaidiaje."

Aliuliza kwa moyo mweupe, kama anavyouliza mtu njia. Pamba alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumchukia, na mwenzake hakuwa amempa pa kuanzia.

"Umenawa mikono?" alimuuliza.

"Mimi?"

"Nawa pale. Vaa glavu. Huyu hana haja ya kurudi hapa tena. Nitakufundisha, utakuwa unamkanda mwenyewe nyumbani."

Macho ya Asali yalifunguka ghafla. Alitaka kusema kitu, lakini dole gumba lilikuwa bado shavuni, sauti ikatoka kama ya ndama.

"Usiongee," Pamba alimwambia. "Utaniuma."

"Subiri kwanza," mama alidakia. "Mkwe wangu hawezi kutia vidole mdomoni mwa mtu. Hiyo ni kazi ya..." Akaishia hapo.

"Mama, kwani ni mtu?" Mwalimu alicheka, akaziba mdomo kwa mkono wenye glavu inayompwaya. "Ni mume wangu."

Pamba alisogea, akampisha kwenye kigoda. Alisimama nyuma yake, akaushika mkono wake, akauongoza mpaka ndani ya shavu lile, akauweka mahali kidole chake kilipokuwa.

"Dole gumba lipite nyuma, lisikae juu ya meno. Viwili hivi nje. Unausikia?"

"Nausikia. Kama kamba! Huu wote ni msuli?"

"Ndiyo huo. Usiusugue. Ushike tu, bila nguvu, umwache apumue kwa pua. Ukianza kulegea utajua mwenyewe."

Akaondoa mkono wake, akabaki amekunja mikono. Wala tusimsafishe Pamba: alitaka yule binti ashindwe. Ule msuli ulikuwa umeikataa mikono yake, mikono ambayo mji mzima unaisifu, na alijua ungekataa zaidi mikono ya mgeni. Alitaka mama aone. Alitaka Asali aende nyumbani na taya lake lililofungwa, akalisage mpaka libaki unga, kila akilisikia likilia ajue limefungwa na nani.

Mwalimu aliinama, akaleta uso karibu. Akaanza kumwongelesha kwa sauti ndogo, kama anavyowaongelesha watoto wake wakati wa kulala mchana. Vuta pumzi, mpenzi. Haya, itoe. Tena. Hakuna anayekufukuza. Asali aliikodolea macho dari, akamkodolea Pamba, kisha, kwa kukosa pa kuyapeleka, macho yakaenda kwa yule aliyemwinamia. Yakakaa hapo.

"Dada!" Mwalimu alipiga kelele. "Dada, umekimbia! Umetoka kwenye vidole vyangu! Nimemvunja?"

Pamba alisogea, akaweka kidole juu ya shavu kwa nje. Ule ugumu haukuwapo. Shavu lilikuwa laini kama unga uliokandwa ukaachwa upumzike. Alibonyeza tena pembeni, akabonyeza chini ya sikio, akitafuta hata kifundo kidogo kilichobaki. Hakukipata.

"Hujamvunja," alisema. "Umepatia."

"Kweli?"

"Toa mkono. Wewe, fungua mdomo."

Mdomo ulifunguka bila mlio. Vidole vitatu vilisimama vikapita. Asali alilifungua taya, akalifunga, akalifungua tena, na wakati wote huo hakumtazama Pamba. Alikuwa akimtazama Mwalimu kwa mshangao, kama mtu aliyeishi nyumba moja na jirani kwa miaka, leo ndiyo kwanza anamsikia akiimba. Pamba aliufahamu mtazamo ule. Siku moja, zamani, juu ya maikrofoni, ulikuwa umemwangukia yeye.

"Kumbe ni kitu chepesi hivi!" mama alisema, uso umemfunguka wote.

"Kwa mwenye mkono wake, mama."

Alimalizia kazi kama inavyotakiwa. Aliwaeleza wote wawili: taulo ya moto kabla ya kulala, vyakula vigumu waviache kwanza, na mchana kutwa ulimi ukae nyuma ya meno ya juu, midomo ifungwe, meno yasigusane. Mwalimu aliyarudia kwa sauti, akimtikisia Asali kidole kama mwanafunzi, na Asali akacheka. Alicheka kwa pande zote mbili za mdomo.

"Dada, lazima uje kwenye harusi yetu," Mwalimu alisema, amemshika Pamba mikono yote miwili. "Kadi nitakuletea mwenyewe, hata leo. Ukae meza ya mbele. Mama, si kweli?"

Mama alifungua mkoba wake, akaufunga.

"Nitakuwa kazini," Pamba alijibu. "Lakini nawatakia heri."

Walitoka. Mama mbele, Mwalimu akamfuata akiwa bado anachezesha dole gumba lake hewani ili asisahau. Asali alibaki nyuma kidogo, akasimama mlangoni. Pamba alimsubiri. Sasa hapakuwa na glavu, hapakuwa na maumivu, na mama alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Chochote alichokuwa nacho, mdomo wa kukisemea ulikuwa wazi.

"Asante sana, dada," Asali alisema.

Sauti ilikuwa safi, laini, haina mkwaruzo. Ilikuwa ile ya redioni, ile ya alasiri, ambayo huwasalimia nayo watu asiowajua.

Pamba alisimama katikati ya chumba mpaka nyayo zao zikaisha ngazini. Kisha akavua shuka kitandani, akatandika nyingine, akainyoosha pembe zote nne kwa mikono miwili, na akamwambia dada wa mapokezi amwingize anayefuata.